Miji inajaa na viwanda hakuna: fedha za mji huingilia mlango gani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Darasani tulifundishwa kwamba watu huhamia mijini kwa sababu viwanda vinawaita, kama ilivyokuwa Uingereza zamani. Lakini nikitazama takwimu naona nchi nyingi zinazoendelea miji yake inajaa ilhali viwanda vyake ni vya kuhesabu. Hasa ni sababu gani za kiuchumi zinazowahamisha watu? Na je, ni kweli kwamba serikali zikiendeleza vijiji watu watabaki huko? Mwanafunzi wa uchumi, mwaka wa pili.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umegusa jambo ambalo wachumi wenyewe walichelewa kulikubali, kwa hiyo usidhani mwalimu wako alikupotosha. Simulizi ya viwanda ni ya kweli, ila si ya kweli kila mahali. Mwaka 1954 Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979, aliieleza hivi: mashambani kuna mikono mingi kuliko kazi, kiasi kwamba wakiondoka baadhi mavuno hayapungui. Kiwanda cha mjini kikitoa ujira unaozidi kidogo kile ambacho mtu anapata kwao, mikono hiyo itahama. Mwenye kiwanda atapata faida, atakipanua, ataita wengine. Korea Kusini ilipita njia hiyo karibu hatua kwa hatua. Mwaka 1960 watu wake wa mijini hawakufika theluthi moja, na mwaka 1990 walikuwa takriban robo tatu. China, ilipoanza mageuzi yake mwaka 1978, ilikuwa na watu wa mijini kama asilimia 18. Sensa yake ya 2020 iliwakuta karibu asilimia 64.

Sasa chukua picha hiyo uipeleke Gabon, ambako zaidi ya watu wanane kati ya kumi wanaishi mijini bila kuwahi kuwa na viwanda vya kuajiri umati. Au Angola. Picha haikai. Hapo ndipo swali lako linapoanzia, na hapo ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Mimi huwaambia wanafunzi wangu waanze na swali la jikoni: mji unakula nini, na unalipa kwa kitu gani? Mji haulimi. Kila alfajiri malori yanaingia na nafaka, mboga, mkaa na mifugo, na kila gunia linaloshushwa lina mtu anayesubiri malipo. Kwa hiyo ni lazima mji uwe na kitu unachokitoa, au uwe na njia ya kupata fedha bila kutoa kitu. Ukishajua fedha hizo zinaingilia mlango gani, umeshajua kwa nini watu wako pale, wanafanya kazi gani, na nini kitawapata siku mlango ule ukifungwa.

Kiwanda ni mlango mmojawapo. Mji unashona mashati, unayauza nje, fedha zinarudi kama mishahara. Mlango wa pili ni mali iliyo chini ya ardhi. Mafuta yanachimbwa baharini na watu wachache sana, lakini mapato yake hayabaki baharini. Yanaingia hazina, na hazina iko makao makuu. Kutoka pale yanakuwa mishahara ya watumishi, zabuni za ujenzi, posho na safari. Kila mshahara mmoja mnono unalisha dereva, mlinzi, mpishi, msusi, fundi wa magari na mama muuza chakula anayewapikia wote hao mchana. Hakuna kiwanda hata kimoja katika mnyororo huo, na bado mji umejaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Gollin, Jedwab na Vollrath ulilinganisha nchi nyingi zinazoendelea, ukaonyesha kwamba nchi zinazouza maliasili zinaweza kuwa na watu wa mijini wengi sawa na zile zilizojenga viwanda. Tofauti iko kwenye kazi zao: katika kundi la kwanza watu wa mjini wamejaa kwenye biashara ndogondogo na huduma. Miji hiyo waliiita miji ya matumizi, na ile mingine miji ya uzalishaji. Naomba uyashike majina hayo, yatakusaidia.

Kuna ukatili uliojificha katika mlango huu wa pili. Fedha za kigeni za mafuta au shaba zinapoingia kwa wingi, sarafu ya nchi inapanda thamani. Bidhaa za nje zinakuwa rahisi madukani, na kiwanda cha ndani kilichokuwa kinajikongoja kinashindwa kushindana nazo. Mchele na ngano vinashuka bandarini kwa bei ambayo mkulima wa ndani haiwezi, hasa pale ambapo barabara ya kumfikia ni mbovu kuliko njia ya meli. Maliasili ileile inayoukuza mji inaua kile ambacho kingeufanya usimame wenyewe, na wakati huohuo inampunguzia mkulima sababu ya kubaki shambani. Watu wanafuata fedha zilipo, wala siwezi kuwalaumu.

Zambia inaonyesha mlango ukifunguka na kufungwa. Shaba iliijenga miji ya Kitwe, Ndola na mingine ya ukanda ule, na baada ya uhuru wa 1964, vizuizi vya kikoloni vilivyomzuia Mwafrika kuhamia mjini na familia yake vilipoondoka, watu walimiminika. Kufikia sensa ya 1980 Wazambia wanne kati ya kumi walikuwa mijini, kiwango kikubwa sana kwa Afrika ya wakati ule. Lakini bei ya shaba ilikuwa imeshaanguka tangu katikati ya miaka ya 1970, na baadaye zikaja hatua za kubana matumizi, ruzuku ya unga ikaondolewa, na migodi ikapunguza watu. Vitabu vingi vilidhani ukuaji wa miji ni ngazi ya kupanda tu. Sensa ya 2000 ikakuta watu wa mijini wameshuka hadi kama asilimia 35. Watu walifunga virago, wakarudi kulima. Kama wangekuwa wamevutwa na taa za barabarani na muziki, kama wengi wanavyopenda kusema juu ya vijana, wasingeondoka, kwa sababu taa zilikuwa bado zinawaka. Waliondoka kwa sababu mshahara haukununua tena unga.

Mlango wa tatu ni mkulima mwenyewe. Baada ya uhuru serikali nyingi zilirithi bodi za mazao zilizoanzishwa na wakoloni, na bodi hizo zilikuwa na haki ya kununua zao peke yake. Zilimlipa mkulima sehemu ndogo ya bei ya dunia, na kilichobaki kikatumika kulipa watumishi, kujenga mji mkuu na kushusha bei ya chakula kwa wakazi wake. Nchini Ghana, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mkulima wa kakao alilipwa kidogo kiasi kwamba wengi walivusha magunia kwa magendo hadi Côte d'Ivoire. Mtoto wa mkulima huyo anaona baba yake anauza jasho lake kwa bei iliyopangwa na watu wa mjini, na watu wa mjini wananunua chakula kwa bei iliyopangwa kwa faida yao. Kuhamia upande wa pili wa mizani ni hesabu ambayo hata asiyesoma anaiweza. Bodi nyingi zilivunjwa au kupunguzwa nguvu katika miaka ya 1980 na 1990, lakini upendeleo huo haujaisha. Bado unauona katika mahali ambapo hospitali ya rufaa ilipo, chuo kikuu kilipo, na umeme usiokatika ulipo.

Hadi hapa nimezungumzia fedha. Sasa tumtazame mtu anayefunga mkoba.

Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro walitaka kueleza fumbo walilolikuta Afrika Mashariki: kwa nini watu wanaendelea kuingia mjini wakati wanaona kwa macho yao kwamba waliowatangulia hawana kazi? Jibu lao ni jepesi kulifanyia hesabu. Tuseme kijijini mtu anapata 100 kwa mwezi, na kazi rasmi mjini inalipa 300. Kama nafasi ya kuipata kazi hiyo ni nusu kwa nusu, matarajio yake ya mjini ni 150, na atakwenda. Wakija wengi hadi nafasi ikawa moja kati ya tatu, matarajio yanashuka hadi 100, na hapo wimbi linatulia. Maana yake, ukosefu wa kazi ndio unaosawazisha mizani kati ya kijiji na mji. Na maana yake nyingine ni chungu kwa mwanasiasa: ukiongeza ajira mjini bila kugusa kipato cha kijijini, umeongeza nafasi ya kushinda, na watu wengi zaidi watakuja kuijaribu. Kenya iliyaona haya mwaka 1964, pale serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipokubaliana kuongeza ajira kwa mkupuo. Ajira ziliongezeka, na wasaka kazi nao wakaongezeka.

Hesabu hiyo naipenda, lakini ina kasoro mbili ambazo mtihani wako hautakuuliza na maisha yatakuuliza.

Ya kwanza ni kwamba maskini hana uwezo wa kukaa bila kazi. Asiye na akiba wala wa kumlisha akikosa ajira rasmi anabeba mizigo, anauza maji, anafua nguo, anasukuma mkokoteni. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ilisaidia sana kulieneza jina la sekta isiyo rasmi, na shirika hilohilo lilikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya watu bilioni mbili, yaani zaidi ya asilimia 60 ya wenye kazi duniani, wako katika ajira isiyo rasmi. Kwa hiyo anayehama halinganishi shamba na ofisi. Analinganisha jembe na mkokoteni. Na mara nyingi mkokoteni unashinda, kwa sababu unalipa kila jioni, ilhali jembe linalipa mara moja au mbili kwa mwaka, tena mvua ikipenda.

Ya pili ni kwamba mtu hahami peke yake, hata akipanda basi peke yake. Nimekaa na familia nyingi nikiwauliza ilikuwaje fulani ndiye akaenda, na ni mara chache nimesikia kwamba aliamua mwenyewe. Ukoo ulikaa. Aliyemaliza shule ndiye aliyepelekwa, kwa sababu cheti hakina soko shambani. Mbuzi aliuzwa kwa ajili ya nauli. Mjomba aliyetangulia ndiye aliyempokea na kumpa pa kulala. Kisha fedha zilianza kurudi: ada ya mdogo wake, mbolea, bati, matibabu ya bibi. Ukiitazama hivyo, kumpeleka mtoto mjini ni kama kukata bima na kupanda mbegu kwa wakati mmoja. Ukame ukilikumba shamba, mshahara wa mjini haukauki. Mjini wakipunguzwa kazi, kijijini kuna kiporo cha mahindi na mahali pa kurudi. Mkulima asiye na benki wala kampuni ya bima anajitengenezea vyote viwili kwa kutumia watoto wake, na ndiyo maana unakuta watu wanahama hata pale ambapo tofauti ya kipato ni ndogo.

Upande mwingine wa jambo hilo ni kwamba wengine wanabaki ilhali kuhama kungewafaa. Wilaya za Rangpur, kaskazini mwa Bangladesh, zilijulikana kwa njaa ya kila mwaka kabla ya mavuno ya mpunga, kipindi ambacho shambani hakuna kibarua. Mwaka 2008 watafiti walizipa familia fulani kiasi cha dola 8.50, yaani nauli ya basi na chakula kidogo cha njiani, kwa sharti kwamba mmoja wao aende kutafuta kazi mahali pengine msimu ule. Wanaohama waliongezeka kwa asilimia 22 ya kaya zilizopewa, familia walizoziacha zilikula vizuri zaidi, na mwaka uliofuata, bila kupewa chochote, wengi walikwenda tena. Kizuizi kilikuwa hofu. Mtu aliye ukingoni mwa njaa hawezi kucheza bahati nasibu na akiba ya mwisho, hata kama tiketi ni nzuri. Mpango huo ulipopanuliwa kwa kiwango kikubwa haukuzaa matunda yaleyale, na ulifungwa mwaka 2019, jambo ninalolitaja kwa sababu wapo wanaokuuzia nauli kama dawa ya umaskini. Somo la hofu, hata hivyo, bado lina uzito, na linaeleza kwa nini maskini kabisa si wao wanaojaza mabasi ya kwenda mjini.

Sasa, kwa nini kazi ileile inalipa zaidi mjini? Usiseme upesi kwamba ni kwa sababu watu wa mjini wamesoma. Utafiti uliotoka mwaka 2014 ulilinganisha thamani anayozalisha mtu mmoja katika kilimo na nje ya kilimo katika nchi zinazoendelea. Hata baada ya kuondoa tofauti za elimu na saa za kazi, pengo lilibaki karibu mara mbili. Kuna kitu mji wenyewe unaongeza.

Mfikirie fundi cherehani. Kijijini kwake ana wateja arobaini, na kila mmoja anashona nguo moja kwa sikukuu. Zipu ikikatika anaifuata safari ya siku nzima. Sindano ya mashine ikivunjika, kazi inalala wiki. Mpeleke fundi huyohuyo mjini, kwenye mtaa wenye mafundi mia. Hatua ishirini kutoka mezani kwake kuna anayeuza vifungo peke yake, mwingine anauza uzi, mwingine anatengeneza cherehani, mwingine anatoboa matundu ya vifungo siku nzima na hafanyi kingine. Huyu wetu sasa anaacha kushona kila kitu, anashona suruali tu, na mikono yake inazoea hadi anatoa sita kwa siku. Jirani akigundua namna mpya ya kukata mfuko, kesho yake mtaa mzima umeijua. Oda kubwa ikija wanagawana. Hajaongeza darasa hata moja, na kipato chake kimeongezeka kwa sababu ya waliomzunguka. Hiyo ndiyo faida ya kukaa pamoja, na kwa maoni yangu ndiyo sababu ya kiuchumi inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu haionekani kwenye bajeti ya wizara yoyote.

Dhaka ilikua juu ya mgongo wa faida hiyo. Mwaka 1979 kampuni moja ya Bangladesh iitwayo Desh iliwapeleka wafanyakazi 130 Korea Kusini, kwa kampuni ya Daewoo, wakajifunze kushona nguo za kuuza nje. Waliporudi, haikuchukua miaka mingi wengi wao wakaacha kazi, wakaanzisha viwanda vyao au kuajiriwa na washindani. Mwajiri wao alipoteza watu. Nchi ilipata sekta nzima, ambayo leo inaajiri takriban watu milioni nne, wengi wao wanawake, na wengi wa wanawake hao walitoka vijijini ambako kazi yao haikuwahi kuandikwa kama kazi. Ukikutana na mtu anayekuambia wanawake huhamia mjini kwa kufuata waume tu, mkumbushe Dhaka.

Upande wa kijiji nao una nguvu zake, na hapa ndipo linapokuja swali lako la pili. Kuna nguvu ya dhiki: shamba la baba la ekari nne likirithiwa na wana wanne, na ekari moja ya kila mmoja ikarithiwa na wanawe, mjukuu anabaki na tuta. Kuna mvua zinazochelewa. Lakini angalia jambo hili: Henderson, Storeygard na Deichmann, katika utafiti wao wa mwaka 2017 kuhusu Afrika, walikuta kwamba hali ya hewa ikikauka watu huelekea mijini hasa katika maeneo ambayo miji yake ina viwanda vinavyouza bidhaa nje ya eneo. Mahali ambapo mji unaishi kwa kuwauzia wakulima chumvi, sabuni na mabati, ukame hausukumi mtu, kwa sababu mkulima akikosa na muuza mabati amekosa. Unaona tunarudi palepale? Dhiki peke yake haijengi mji. Lazima uwepo mlango wa fedha usiotegemea mvua ileile.

Na kuna nguvu ya neema, ambayo watu wengi hawaitarajii. Mkulima akipata mbegu bora, mbolea na trekta, anavuna mara mbili. Lakini mtu aliyeongezewa kipato maradufu hali chakula maradufu. Tumbo lina kikomo, jambo ambalo Mjerumani Ernst Engel alilionyesha kwa takwimu za matumizi ya familia tangu mwaka 1857. Kipato kinachozidi kinakwenda kwenye nguo, simu, nyumba, shule na usafiri, vitu ambavyo hutengenezwa au kuuzwa mahali watu walipokusanyika. Kwa hiyo kilimo kikifanikiwa, kinahitaji watu wachache zaidi na kinawatengenezea wanaobaki nje kazi mjini. Hakuna nchi kubwa iliyotajirika kwa wakulima wake na ikabaki na wakulima wengi.

Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na ahadi ya kwamba vijiji vikiendelezwa watu watatulia. Barabara inatoa mazao, ndiyo, na inamtoa pia kijana. Tena inaingiza sufuria na majembe ya kiwandani, na mfinyanzi na mhunzi wa kijiji wanapoteza wateja kwa msimu mmoja. Shule inamfundisha mtoto kusoma na kuandika, na kazi za kusoma na kuandika ziko mjini. Simu inampa habari za nafasi ya kazi. Vitu hivi vyote napenda kuona kila kijiji kinavipata, kwa moyo wangu wote, kwa sababu mtoto wa kijijini anastahili maji, shule na zahanati kama mtoto mwingine yeyote. Ila visitolewe kama kamba ya kumfungia asiondoke. Akiondoka akiwa amesoma, ana afya na ana nauli ya kurudi, huyo amehama. Akiondoka kwa sababu shamba limekwisha na mama anaumwa, huyo amefukuzwa. Kazi ya kuendeleza kijiji ni kumbadilisha mtu kutoka wa pili kuwa wa kwanza, hata kama idadi ya wanaopanda basi itabaki ileile au kuongezeka.

Zile serikali zilizojaribu kamba yenyewe zina historia ya kusikitisha. China, kwa kanuni za mwaka 1958, ilimwandikia kila mtu kibali cha ukaazi kinachomfunga na alikozaliwa. Mageuzi yalipofungua viwanda watu walikwenda hivyo hivyo, na sensa ya 2020 ilihesabu takriban watu milioni 376 wanaoishi nje ya maeneo waliyoandikishwa, wengi wakifanya kazi katika miji isiyowapa watoto wao nafasi sawa shuleni. Afrika Kusini ilitumia sheria za pasi hadi zilipofutwa mwaka 1986. Tanzania ilipitisha sheria ya Nguvu Kazi mwaka 1983, ikawakusanya wasio na ajira rasmi mijini na kuwarudisha mashambani, na wengi walirudi mjini. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyogusa pengo la kipato, na pengo ndilo lililokuwa linavuta.

Kuna jambo nimeliacha hadi sasa kwa makusudi, nalo litakusaidia kusoma takwimu kwa tahadhari. Si kila ongezeko la watu wa mijini ni wahamiaji. Wanaohama ni vijana, na vijana huzaa. Katika nchi nyingi zinazoendelea watoto waliozaliwa mjini kwa mjini wanachangia zaidi ya nusu ya ukuaji wa miji. Na wakati mwingine mji unamfuata mtu alipo: India huuhesabu kuwa mji wa sensa mahali penye watu wasiopungua 5,000, msongamano wa watu 400 kwa kilomita ya mraba, na robo tatu ya wanaume wenye kazi wakiwa nje ya kilimo. Kati ya sensa ya 2001 na ya 2011 miji ya namna hiyo iliongezeka kutoka 1,362 hadi 3,894. Hapo mamilioni ya watu walilala wanakijiji wakaamka wanamji bila kuhamisha hata kigoda, kwa kuwa walifungua maduka na karakana, na watoto wao waliacha jembe.

Miji midogo ya namna hiyo ndiyo ninayoitazama kwa matumaini. Utafiti uliowafuatilia watu wa Kagera, Tanzania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2010, uligundua kwamba waliotoka kwenye umaskini kwa kuhamia jiji kubwa walikuwa kama mmoja kati ya saba tu. Karibu nusu walitoka kwa kuingia kazi zisizo za kilimo vijijini au kwa kuhamia miji midogo ya karibu. Aliyekwenda jijini alipata zaidi, hilo ni kweli, lakini waliofika huko walikuwa wachache. Mji mdogo unafikika kwa baiskeli, kodi ya chumba inalipika, na mtu anaweza kurudi shambani msimu wa palizi. Kwa aliye na hofu ile ya Rangpur, umbali huo una thamani kubwa kuliko tofauti ya mshahara.

Kwa hiyo utakapokaa na takwimu za nchi yoyote, usianze na asilimia ya watu wa mijini. Fungua kwanza jedwali la bidhaa zinazouzwa nje, uone fedha za kigeni zinatoka wapi. Kisha tafuta kwenye sensa jedwali la kazi za wakazi wa mijini, uhesabu ni wangapi wanatengeneza kitu kinachouzwa nje ya mji wao, na ni wangapi wanauziana wao kwa wao. Halafu tafuta bei ya nafaka kuu kwa miaka kumi na mishahara ya miaka hiyohiyo, uigawe mishahara kwa bei. Mstari huo wa mwisho ukishuka kwa muda mrefu, angalia sensa inayofuata kwa makini kama ile ya Zambia. Niandikie utakapomaliza nchi yako ya kwanza, unieleze umekuta mlango gani.